Kilo Tisini kwa Mizani ya Baba

Watu wa Butembo waliomjua mdogo wangu husema alipigwa Beni akaisha. Ni rahisi kusema hivyo, na mimi huwaacha waseme. Lakini najua aliishia hapa nyumbani, mtaani kwetu Mususa, asubuhi nyingi mfululizo, akiwa amesimama bila viatu juu ya mizani ya baba na mimi nikimsomea kilo.

Baba alikuwa mnunuzi wa kahawa na kakao. Depo yetu ni chumba kimoja kirefu kinachotazama barabara ya vumbi, na katikati yake kuna mizani ya chuma, ile yenye sahani ya chini ya kuwekea gunia na mkono wa juu wenye namba. Juu ya mkono huo kuna kidude cha chuma unachokisukuma polepole mpaka mkono utulie, halafu unasoma namba. Miaka kadhaa nyuma baba alikipeleka kidude hicho kwa fundi wa kuchomelea. Fundi akakitoboa tundu, akamimina ndani risasi aliyoiyeyusha kutoka kwenye betri bovu la gari, akapaka rangi juu yake. Kidude kikizidi uzito, mkono hutulia mapema, kabla ya kufika kwenye namba ya kweli. Gunia la kilo hamsini likaanza kusoma arobaini na nane. Siku aliyokirudisha mahali pake baba alifuta mikono kwenye suruali akasema, "Sasa imebatizwa." Sisi ni Wakatoliki, na neno hilo lilituchekesha. Tangu hapo likawa neno letu la nyumbani, la watu wawili tu, baba na mimi.

Wakulima walijua. Hakuna mkulima wa Lubero asiyejua kwamba mizani ya mnunuzi ina tumbo lake. Kabla ya kuja kwetu walikuwa wamekwisha kupima mzigo kwingine, kwa ndugu au kwa jirani wanayemwamini, na kilo wameziandika kwa kalamu ya Bic kwenye kiganja. Mtu anaingia, anaweka gunia, ananyoosha kiganja. Mimi naonyesha mkono wa mizani. Tunabishana kidogo, halafu anakubali kwa kuwa mvua inakuja na njia ya kurudi ni ndefu. "Aksanti, madame," wanasema, na ukitega sikio vizuri hakuna shukrani yoyote ndani yake. Mtu wa nyumbani angesema wasingya, kwa Kinande chetu. Nilizoea. Nilikaa pale miaka yote hiyo na usingizi wangu ulikuwa mzuri.

Mdogo wangu hakujua habari ya ubatizo. Mambo hayo yalifanyika yeye akiwa Manguredjipa, kwenye mashimo ya dhahabu, alikokwenda baada ya mama kufa na kukaa huko mpaka tukaanza kumsahau sura. Aliporudi ilibidi aingie mlangoni kwa upande. Mashimo yalimpa mabega na shingo, yakamnyima vitu vingine vyote. Hakutaka kusikia tena habari ya udongo wala ya depo. Akapata kazi ya kupakua mifuko ya simenti kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtaa wa pili kutoka kwetu, na jioni akawa anakwenda kwenye ua wa seremala mmoja ambako mwalimu wa michezo alikuwa akifundisha ngumi.

Mwalimu huyo si wa kwetu. Serikali ilimleta kutoka mkoa mwingine, afundishe shule ya sekondari, na kwa kuwa shule haikuwa na uwanja wa maana alijitafutia kazi ya ziada. Alining'iniza gunia la mchele lililojazwa unga wa mbao, akachora duara ardhini kwa chokaa, akangoja watu. Wengi walikuja wiki moja wakaacha. Mdogo wangu alikuja akabaki. Alikaribia thelathini wakati huo, umri ambao mabondia wengine wanafikiria kuacha, lakini mwalimu aliniambia kwamba mtu mwenye mkono wa kushoto kama ule hakuwahi kumfundisha. Aliniambia kwa Kilingala, halafu akakumbuka, akarudia kwa Kiswahili.

Kulikuwa na Mwingereza mmoja. Sikuwahi kujua jina lake, na nadhani hata mdogo wangu alilitamka vibaya. Alikuwa bondia wa uzito ule ule, ule ambao Kifaransa wanauita lourd-léger, mzito aliye mwepesi, mwisho wake kilo tisini na gramu mia saba. Mdogo wangu alikuwa na mapambano ya mtu huyo kwenye simu yake, alama ya ufa ikikatiza kioo, na aliyatazama akila, akifua, akinyoa ndevu. Hakujua neno la Kiingereza. Nilimcheka, nikamwita mke wa Mwingereza. Lakini sehemu aliyoipenda kuliko zote haikuwa ngumi. Ilikuwa siku moja kabla, pale wanapopimwa. Yule Mwingereza anapanda mizani na chupi tu, anatazama mbele, mtu anasoma namba kwa sauti, na chumba kizima kinakubali.

"Unaona, yaya," aliniambia. Mimi ni mkubwa wake kwa miaka minne, hakuwahi kuniita kitu kingine. "Kule kwa bazungu, balansi ikishasema, hakuna mutu anabishaka."

Nilikuwa nachambua kahawa. Sikuinua kichwa.

Halafu ikaja habari ya Beni. Mtu mmoja kutoka Kampala, mwenye kazi ya kutafuta mabondia, angekuja kutazama pambano moja la uzito huo. Mpinzani alikuwa mwanajeshi aliyetumwa Beni kutoka mkoa wa Équateur, mrefu, mwenye sifa. Atakayeshinda angeondoka na yule mtu, aishi Kampala, apigane kama kazi, na kutoka hapo, nani ajuaye. Mdogo wangu alijua. Kutoka Kampala alikwisha kufika Uingereza kichwani mwake, tena kwa koti la baridi. Mwalimu alimweleza wazi kwamba kwa umri wake mlango huo haungefunguka mara mbili. Sharti lilikuwa uzito: wakipima siku moja kabla na ukazidi, hupigani.

"Ndeko, poids njo combat ya kwanza," mwalimu alisema, yaani uzito ndio pambano la kwanza. Akauliza kama kuna mizani mahali. Mtu wa kwetu asingeuliza hivyo, na akijibiwa kwamba ipo ya mnunuzi wa kahawa angecheka mpaka akae chini. Mwalimu alikuwa mgeni, hakucheka. Na mdogo wangu alisema kwa fahari, "Baba iko na balansi."

Mjini petu pote, nadhani ni yeye peke yake aliyeiamini mizani ile.

Asubuhi ya kwanza alikuja kabla ya wakulima, akavua viatu, akapanda. Baba alikuwa amekaa mlangoni na kikombe cha chai. Nilisukuma kidude. Mkono ukatulia kwenye tisini na tatu.

"Soma, yaya."

"Tisini na tatu."

"Donc ni tatu tu za kupunguza. Ni kitu kidogo."

Nilimtazama baba. Baba alitazama barabarani. Kila mmoja wetu alikuwa anamngoja mwenzake aseme, na mimi nilijiambia kwamba jambo lile ni lake, mizani ni yake, risasi ni yake. Sijui yeye alijiambia nini. Mdogo wangu alivaa viatu akaenda kukimbia mlimani.

Nisiseme kwamba sikufanya kitu, maana nilifanya kitu cha kipumbavu. Nilianza kumpunguzia chakula. Nilimpakulia ugali mdogo, mboga nyingi, maharage ya kuhesabika, nikitumaini kwamba zile kilo zinazofichwa na risasi zitaondoka kimyakimya bila mtu kulazimika kuzitaja. Alipofika tisini kamili kwa mizani ya baba nilimwambia apunguze tena.

"Juu ya nini? Niko ndani ya kilo."

"Punguza tu kidogo. Uwe na nafasi."

Akacheka. "Yaya, nikipunguza tena sitakuwa na nguvu. Mwalimu alisema nibaki hapa hapa. Miye na ule Muingereza tuko kilo sawasawa sasa."

Ningeweza kusema palepale. Maneno yenyewe ni machache sana: mizani yetu inaiba, ongeza kilo nne. Lakini kumwambia mdogo wangu maneno hayo ilikuwa kumwambia baba yake ni mwizi, na dada yake ndiye mkono wa mwizi, na kila sahani aliyokula tangu arudi imetoka huko. Nilijiambia nitamwambia Jumapili. Jumapili ikafika, tukaenda misa, nikaimba, nikarudi nyumbani, sikusema. Nilikuwa mwoga, basi. Nimetafuta neno jingine kwa muda mrefu na sijalipata.

Tulikwenda Beni watatu, mdogo wangu, mwalimu na mimi, kwenye teksi ya watu wengi. Baba alibaki. Kwenye vizuizi vya njiani wanajeshi walimtazama mdogo wangu mabega, wakauliza kama ni mwenzao. Alijibu vizuri, akatania, wakatupisha. Sijawahi kumwona amefurahi namna ile tangu mama alipokuwa hai.

Walipimia kwenye ukumbi mmoja, saa nne asubuhi, mlango wazi na watu wamejaa. Mizani ilikuwa ya kioo, ya betri, imeazimwa kutoka kwenye kituo cha afya. Mwanajeshi alipanda kwanza, akawa ndani. Kisha mdogo wangu akavua, akabaki na chupi, akapanda, akatazama mbele. Nilielewa mara moja alikuwa anamwiga nani. Mtu wa ofisi ya michezo, mwenye shati jeupe, akainama akasoma kwa Kifaransa, halafu akarudia ili wote wasikie: kilo tisini na tatu na gramu mia nane.

Mdogo wangu alitabasamu. Alidhani ni mzaha, au hitilafu. Akashuka, akapanda tena. Namba ikawa ile ile.

"Balansi yenu ni mubaya," alisema kwa upole. "Jana asubuhi nilikuwa tisini. Tisini kamili. Nilipima ku balansi ya baba."

"Baba yako iko na balansi ya nini?" mtu wa shati jeupe aliuliza.

"Ya kahawa na kakao. Iko munuuzi, Butembo."

Beni ni mji wa kakao. Nusu ya watu waliokuwa ndani ya ukumbi ule walikuwa na shamba, au baba zao walikuwa nalo. Kicheko kilianza nyuma, karibu na dirisha, kikaja mbele. Mzee mmoja mwenye buti za shamba akasema, "Balansi ya munuuzi? Basi, mwana, shukuru hauko kilo mia." Wakacheka zaidi. Hata mwanajeshi alicheka, ingawa hakuwa mkulima. Mwalimu peke yake alikuwa akitazama huku na huku bila kuelewa.

Mdogo wangu hakucheka wala hakukasirika. Alisimama na chupi yake mbele ya watu wote wale, akaanza kunitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Yaya, weye njo unasomaka. Baambie hawa."

Watu wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ile moja, nilipewa mkononi. Kama ningesema ukweli pale angeaibika, ningeaibika, baba angeaibika, lakini angekuwa na saa sita nzima za kutoa kilo tatu, tena na akili iliyotulia.

"Balansi ya baba iko sawa," nilisema.

Akaniamini. Akamgeukia mtu wa shati jeupe akasema, "Mumesikia." Na kwa kuwa aliniamini, hakuanza kukimbia. Alibishana. Mwalimu naye akaniamini, akaenda kutafuta mizani ya pili, wakaipata kwenye kituo kingine cha afya, ikasema tisini na tatu na gramu mia nane. Wakatafuta ya tatu. Ilipotimia saa nane mchana mizani tatu za Beni zilikuwa zimesema neno moja, na mtu wa shati jeupe akawapa mpaka saa kumi, basi.

Saa mbili. Mwalimu alimvisha koti juu ya koti, na karatasi ya plastiki ndani, akamkimbiza kuzunguka ukumbi kwenye jua. Nilisimama kivulini na chupa ya maji ambayo hakuruhusiwa kunywa. Kila alipopita mbele yangu alinitazama, na hakukuwa na lawama katika macho yake, ndiyo sababu bado nayaona. Jasho lilipokoma kutoka walimnyoa nywele. Akatema mate kwenye kopo mpaka mate yakakauka. Saa kumi kasorobo walimpandisha akiwa ameshikwa na watu wawili, wakamwachia kidogo, namba ikatulia kwenye tisini na gramu mia saba. Watu walipiga makofi. Wale wale waliocheka.

Tulimpa maji, akayatapika. Tulimpa uji, akautapika. Kesho yake alasiri alipanda ulingoni na midomo iliyopasuka.

Raundi tatu alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisali isiwe nne. Mkono wa kushoto ulifanya kila alichosema mwalimu. Yule mtu wa Kampala, mfupi, mwenye kofia, alisogeza kiti chake mbele. Raundi ya nne miguu ya mdogo wangu ilikwenda mahali pengine. Ya tano alikuwa anasimama tu. Ya sita mwanajeshi alimpiga mara mbili mwilini, si kwa nguvu sana, na yeye akakaa chini kama mtu aliyetoka shambani akaona kiti. Hakujaribu kuinuka. Alikuwa anatikisa kichwa, sijui kwa nani.

Mtu wa Kampala alikuja kumpa mkono. Alisema kwa heshima, na nadhani alitaka kumsaidia: "Wewe ni mzuri, ndugu. Lakini huna pumzi." Mdogo wangu, ambaye alikuwa anapanda mlima wa Mususa kila asubuhi akiimba.

Tulirudi Butembo siku iliyofuata. Kesho yake, kabla ya wakulima, nilikuwa nafagia depo alipoingia na mfuko wa simenti begani. Uso ulikuwa umevimba upande mmoja. Mfuko alikuwa ameuazima kwa bosi wake, mpya, haujafunguliwa, na namba hamsini imeandikwa juu yake na kiwanda. Aliulaza kwenye sahani ya mizani taratibu, akasukuma kidude mwenyewe. Mkono ukatulia kwenye arobaini na nane.

Akatoka. Nikamsikia anavuka barabara, akarudi na mfuko mwingine, akautoa ule wa kwanza, akaweka huu. Arobaini na nane. Mtu aliyepakua simenti miaka yote hiyo hakuwa na haja ya mfuko wa pili. Nadhani alikuwa anatupa nafasi, baba na mimi na mizani.

Baba alitokea mlangoni na kikombe chake. Aliona simenti, akaona namba. Akavua kofia, akaishika, akarudi ndani.

"Ulijua," mdogo wangu alisema.

"Nilijua."

"Na kule Beni, nilikuuliza mbele ya batu."

"Uliniuliza."

Alingoja. Nikafagia vumbi la simenti pembeni ya mizani. Basi akabeba mfuko wake mmoja, akarudi kuchukua wa pili, na jioni ile alikwenda Kasugho kwa ndugu za mama, wenye mashamba karibu na msitu. Simu yenye Mwingereza aliiacha juu ya kitanda.

Baba alikitoa kidude siku hiyo hiyo, akakipeleka kwa fundi, risasi ikatolewa. Tangu siku hiyo mizani yetu inasema kweli, na hakuna mkulima hata mmoja aliyegundua. Wanakuja na viganja vyao vilivyoandikwa, namba zinalingana, nao wanatazama kwa mashaka wakidhani tumepata ujanja mpya. Sasa baba haoni vizuri. Anakaa mlangoni anauliza nani anapita, na depo ni yangu.

Msimu uliopita wa kahawa mtu aliingia na gunia begani, akaliweka kwenye sahani. Nilimjua kwa jinsi alivyopita mlangoni kwa upande, ingawa amekonda na hakukuwa tena na haja. Baba pale mlangoni aliuliza nani. Mdogo wangu alibaki upande wa pili wa mizani, wanakosimama wakulima.

Nilisukuma kidude. Kilipita namba, nikakirudisha. Sitini na mbili. Nilifungua mdomo niseme jina lake, niseme panda, mdogo wangu, panda wewe mwenyewe uone, sasa iko sawa.

Akanyoosha kiganja. Kilikuwa kimeandikwa kwa Bic, sitini na mbili, amepima kwingine kabla ya kuja. Alitazama kiganja, akatazama mizani, akatazama tena kiganja, kama wanavyofanya wote.

"Aksanti, madame," alisema.